Kadi ya Nduku Niliyoipiga Msasa

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi.

Jua halijatoka tangu asubuhi. Baridi ya huku Wamunyu si ya mvua, ni ile kavu inayoingia kwa magoti na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Nimetoka kanisani, nimekunywa chai, nimekaa nje na simu yangu na leso mbili mabegani. Msiniulize habari yangu, nitawaambia mwenyewe.

Nimeua kompyuta ya mjukuu wangu.

Si yote. Nimeua kitu kimoja ndani yake, kadi ya picha. Nduku anaiita grafiksi kadi. Lakini kitu hicho ndicho kilikuwa kinambebea kazi, kwa hivyo ni kama nimemvunja ng'ombe mguu halafu niseme kichwa ni kizima.

Kesho asubuhi Nduku anaenda Nairobi kutafuta nyingine. Jana aliniuliza, "Susu, ninunue gani?" Susu ni mimi, nyanya yake. Kuna ndogo ya mtumba, ndugu ya ile iliyokufa. Kuna kubwa, mpya. Mfuko wa karakana uko kwangu, kwa hivyo neno la mwisho ni langu. Sijamjibu. Sasa hivi anafua pale karibu na tangi, mgongo ameniwekea mimi, na najua anangoja.

Na wale wa kunisahihisha kila mara huko chini ya blogu yangu, ati hapa kunakosa herufi, ati hapa nimeandika vibaya, leo mniache. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nililimalizia nyumbani nikichunga. Mkielewa ninachosema, imetosha.

Kwa mgeni asiyetujua, sisi ni watu wa kuchonga. Mzee wangu alichonga mpaka vidole vikakataa kushika tezo, akafa, akaniachia karakana na mfuko wake. Sasa anayechonga ni mtoto wetu Muthiani, baba yake Nduku, na vijana wake. Mimi ni wa kumaliza. Mwanaume akishatoa mnyama kwenye mti, huyo mnyama anakuja kwangu akiwa na makovu ya chuma mwili mzima. Napiga msasa. Mkali kwanza, halafu wa katikati, halafu laini, halafu ule laini uliochakaa ambao wajinga huutupa. Mwisho ni polishi ya viatu, ile isiyo na rangi, kidogo tu kwa kitambaa, nasugua mpaka twiga ang'ae kama ametoka kuoga.

Hapa Wamunyu mtu akiona kifaru dukani anajua kama kimepita mikononi mwangu. Sijisifu. Mwenye kubisha alete chake tukiweke kando ya changu kwenye jua.

Nduku alisomea mambo ya kuchora kwa kompyuta huko Machakos mjini. Akarudi na sanduku jeusi na kioo chake, akaviweka kwenye kile chumba ambacho Mzee alikuwa anakaushia mbao. Akaanza kuchora mti kabla haujakatwa. Unaona nguzo imesimama ndani ya kioo. Anasukuma kile kipanya chake, nguzo inageuka, unaona mgongo wake, unaona kisogo cha simba. Mteja akisema tembo ainue mkonga, Nduku anauinua, na hakuna mti umeharibika. Muthiani ameshawahi kutupa gogo zima kwa sababu mteja alibadilisha mawazo kazi ikiwa katikati. Kwa hivyo Muthiani alifurahi.

Mimi nilicheka. Nilimwambia Nduku, "Hiyo ni sinema. Tembo wa kweli ana vumbi."

Halafu akaja mwenye hoteli. Mtu wa Nairobi, mpole, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga mchanga wetu. Alitaka nguzo za mlango wa hoteli yake, zimechongwa pande zote, wanyama wakipanda kutoka chini mpaka juu. Kazi ya kulisha karakana mpaka Krismasi. Lakini alitaka azione kwanza kwa kioo, zote pamoja, zikizunguka. Akipenda, atoe pesa ya miti. Nduku akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Nguzo moja ilizunguka vizuri. Nduku alipoziweka zote, kila moja na wanyama wake, picha ikawa inakwama. Twiga anabaki shingo imekatika, simba hana miguu, na lile sanduku linanguruma kama mashine ya kusaga mahindi iliyokosa mahindi. Akaja kwangu nikiwa na kiboko wa mbao mapajani.

"Susu, kadi imezeeka. Hii kazi haiwezi."

"Hata mimi nimezeeka. Mmeninunulia magoti mapya?"

"Susu, wewe huzungushi nguzo."

"Na wewe ukilia usiku kucha ukiwa mtoto, nani alikuzungusha mgongoni? Ni kadi?"

Akacheka. Nduku hucheka kwa pua, kama babu yake. Halafu akanieleza pole pole, jinsi wanavyotueleza sisi wazee, kwamba kadi ndiyo inachora kile tunachoona, na kama haina nguvu, hata mkono wa anayechora uwe mzuri vipi, kazi haitatoka. Akasema ile kubwa ingezungusha nguzo zote kwa mara moja bila kupumua. Lakini inakula stima sana, kwa hivyo kile kisanduku cha kuvutia stima ndani yake pia kingebadilishwa.

Hapo ndipo nilipopata pa kushikia. Nikamwambia, unaona sasa? Umekuja kuomba ng'ombe na umeshaanza kuomba na boma, hiyo ni tamaa tu. Nikamwambia kwa hii nyumba hakuna kitu kinachoitwa kizee kabla hakijasafishwa. Nenda kasafishe.

Akaenda kusafisha. Yeye hanijibu vibaya. Ningependa wakati mwingine anijibu.

Alitoa kadi akaiweka mezani juu ya kitambaa. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu, vumbi la msasa, vumbi langu. Chumba chake na pembe yangu vinatenganishwa na pazia tu. Akapuliza, akatoa lililotoka, akaenda kwa baba yake kutafuta brashi laini.

Nikabaki na hiyo kadi.

Nikavaa miwani nikaiangalia. Ni kibao kina feni mbili, na chini kina meno madogo ya rangi ya dhahabu, yamepangwa kama ya mtoto wa shule aliyefundishwa kupiga mswaki. Lakini dhahabu ilikuwa imefifia. Ilikuwa na madoa. Na nikaelewa kwamba meno hayo ndiyo yanaingia kwenye tundu ndani ya sanduku.

Sasa mtu yeyote wa mbao atawaambia: ulimi wa kiti ukiwa unakwaruza, hauingii tunduni vizuri. Ukiingia haukai. Unalainisha ulimi, unaupaka kidogo, unaingia wenyewe. Nilifanya kazi hiyo maisha yangu yote. Nikasema moyoni, hawa watoto wanataka kununua na shida ni msasa tu.

Nikachukua ule laini uliochakaa. Nikapiga pole pole, nikifuata upande mmoja, sikukwaruza hovyo, mimi si mtu wa kukwaruza hovyo. Halafu polishi kidogo kwa ncha ya kitambaa. Nikasugua. Aiya, ikang'aa! Nilijisikia kama msichana aliyesifiwa mbele ya mama mkwe.

Nduku akarudi na brashi. Akasimama. Akainama akaangalia yale meno kwa karibu, na mimi nikamwona akijua. Hakuna mwingine katika nyumba hii anayeacha mng'ao wa namna ile.

"Susu," akasema.

"Sema asante," nikamwambia.

Akasema, "Asante, Susu."

Leo ndiyo nasikia vile alivyosema. Siku ile nilisikia asante tu.

Alirudisha kadi ndani, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Cheusi. Nikamwambia pengine ni stima. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu nikisema hivyo.

Tukaenda naye Machakos mjini kwa fundi wa kompyuta. Nilijipeleka mwenyewe, nilisema msichana akienda peke yake watamdanganya bei. Kibanda kilikuwa kimejaa watu wanaongoja simu zao. Fundi, kijana mmoja mwenye mdomo mrefu, akaigeuza kadi kwenye mwanga, akaipitishia kidole, akakinusa hicho kidole.

"Hii ni polishi ya viatu?"

Watu wakageuka.

"Nani amepiga hii kitu msasa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mkoba wangu mapajani. Nilifungua mdomo. Hiyo nawaambia ukweli, niliufungua.

"Ni mimi," akasema Nduku.

"Wewe? Na si umesema umesomea kompyuta?"

"Nimesomea."

"Madam, hii si miguu ya kwenda kanisani uipake mafuta."

Kibanda kizima kikacheka. Nduku naye akacheka kidogo, kwa pua. Na mimi, ambaye naweza kumfokea chifu mbele ya watu wake, ambaye mwenyekiti wa kanisa akiniona huvuka barabara, nikaufunga mdomo wangu nikaangalia zipu ya mkoba.

Fundi aliosha polishi kwa spiriti. Polishi ilitoka. Dhahabu ndiyo haikurudi. Meno mengine nilikuwa nimeyapiga mpaka chini ya rangi, yakawa hayana kitu. Akauhamisha waya wa kioo akauchomeka mahali pengine nyuma ya sanduku, kompyuta ikawaka bila kadi. Akasema, "Barua itaandika. Nguzo usahau." Na akasema neno lingine ambalo natembea nalo mpaka leo: kwamba ile kadi isingeguswa, vumbi likitolewa vizuri na ukubwa wa picha ukipunguzwa kidogo, ingesukuma kazi ya huyo mteja mpaka ikaisha. Sijui picha inapunguzwaje. Nduku alijua, akaitikia kwa kichwa.

Kwa hivyo ndogo ingetosha kwa ile siku moja. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema ndogo inatosha. Nilikuwa sawa, halafu nikaiua.

Njiani hakuniambia kitu. Nilingoja aniambie. Nilikuwa nimeshapanga vile nitamjibu, mambo ya heshima, mambo ya nani alimlipia chuo. Hakunipa nafasi. Alininunulia ndizi pale stendi, akanimenyea moja, kwa sababu anajua baridi hunikaza vidole.

Niliifunga kwa kitambaa nikaitia mkobani.

Mwenye hoteli alikuja siku aliyosema. Nduku alimwonyesha nguzo alizozichora kwa penseli, nzuri kabisa, hata kwangu mimi nisiyesifu ovyo. Akamwomba muda kidogo. Yule mtu akaziangalia kwa upole wake, akasema yeye si mtu wa mbao, hawezi kuona upande wa nyuma kwa akili, anahitaji kuona kwa macho. Akasema kuna watu wengine huko Nairobi wamemwonyesha zao. Akaaga kila mmoja kwa mkono. Alipofika kwangu akasema, "Shosho, kazi yako ni safi sana." Ndivyo wanavyomwita susu huko kwao. Sikumrekebisha.

Hakurudi.

Jioni ile Muthiani alimfokea Nduku uani. Mtoto wangu si mkali, lakini alikuwa ameshawaambia vijana wake kuna kazi, na mmoja alikuwa amesharudisha mke kutoka kwa wazazi kwa hiyo habari. Akasema, "Ulienda shule kujifunza kuharibu? Nani alikuambia kadi inapigwa msasa?" Nduku akasema, "Nilikosea, baba." Muthiani akanigeukia, "Mwaitu, si ulikuwa hapo? Kwani hukumkataza?"

Mwaitu ni mama. Mimi ndiye mama wa kumkataza.

Nikasema, "Watoto wa siku hizi hawaambiliki."

Nimeiandika, ikae hapo. Nimeifuta mara mbili nikairudisha.

Nimekaa siku hizi zote nikijiuliza kwa nini nilikataa kadi tangu mwanzo. Mwanzoni nilijiambia ni mfuko. Mfuko haujawahi kunona, hiyo ni kweli. Lakini Muthiani aliponunua msumeno wa stima sikumuuliza mara ya pili. Si mfuko.

Ni ile nguzo kwenye kioo. Siku ya kwanza Nduku alinionyesha moja, alibonyeza mahali, ikageuka kutoka mbao ghafi ikawa laini, inameremeta. Mara moja. Hakuna mkali, hakuna wa katikati, hakuna kukohoa vumbi. Akaniuliza, "Umeona Susu? Nimeipa ule mng'ao wako." Alifikiri nitafurahi. Mimi niliona mtu amekaa mahali pangu. Nilijiuliza, mteja akishaona mng'ao kwa kioo, nani atakumbuka kuna mwanamke nyuma ya pazia na ukucha umekwisha? Nikarudi kwenye kiboko changu nikamsugua kama nimegombana naye.

Na mtoto alikuwa ananisifu. Alikuwa amechukua kazi yangu akaiweka mahali ambapo mtu wa mbali ataiona. Sikuielewa hivyo. Nilikuwa na macho, na miwani juu yake.

Kwa hivyo tumefika hapa. Jana amekuja na simu, akanionyesha kadi mbili. Nilidhani ataanza na kubwa kama mwanzo. Nilikuwa nimeshajitayarisha kukubali baada ya kubishana kidogo, kubishana kunanisaidia. Akaanza na ndogo.

"Hii ya mtumba itatosha, Susu. Nitachukua kazi ndogo ndogo. Viti, vibao vya majina. Nguzo niachane nazo."

"Na ile kubwa?"

"Ile ni tamaa tu."

Msichana wa umri ule kuniambia ile ni tamaa tu. Hayo ni maneno yangu. Ni mimi nilimwambia, kwa sauti yangu hii hii, nikiwa na kiboko mapajani. Ameyachukua akayaweka mdomoni mwake, na yamemkaa. Kijana akipunguza anachotaka kwa sababu hana pesa, hiyo ni dunia. Huyu amepunguza ili mimi nisisumbuke. Ili asije akanikumbusha.

Leo wakati wa chai nilijaribu. Nilimwita, "Nduku." Akaja, mikono ina povu. Nikamwangalia. Maneno yalikuwa hapa, kwenye meno. Nikasema, "Hii chai ina maziwa ya kunyunyizia kama maji ya baraka. Na umekonda, unakula nini?" Akasema pole Susu, akaenda kuongeza maziwa.

Wengine wakitaka kuomba msamaha husema samahani. Mimi hutafuta kosa kwa yule niliyemkosea. Mzee alikuwa anajua. Nikianza kumsema juu ya viatu vyake alikuwa anaacha tezo, anauliza, "Haya, umenifanyia nini?" Hakuna mwingine aliyejua kunisoma hivyo, na sitaki Nduku ajifunze. Si kazi ya mtoto.

Sasa anaanika. Ameshaanza na blanketi langu, yeye huanza na vyangu ili vipate upepo mzuri.

Nimeamua. Kesho kabla hajafunga viatu nitamwambia achukue ile kubwa, na kisanduku chake cha stima, na mfuko utajijua. Mwenye hoteli ameenda, hatarudi kwa sababu ya kadi, sijidanganyi. Wale vijana wa Muthiani watakaa njaa kidogo na itakuwa ni mimi. Lakini atakuja mwingine wa nguzo, ama wa milango, na sitaki amkute mjukuu wangu akichora vibao vya majina kwa sababu yangu. Na nitamwita Muthiani asimame hapo hapo, nimwambie msasa ulikuwa wangu, na kule mjini binti yake alinifunika mbele ya watu nikakubali kufunikwa.

Halafu ninyamaze. Nisiongeze ati lakini na wewe ungeificha. Nisiongeze ati mngenieleza mapema. Hapo pa kunyamaza ndipo ninapojiogopa.

Nduku ndiye alinifungulia hii blogu, na yeye huisoma kabla yenu nyote. Kwa hivyo leo habari hii siiweki. Nikimwacha ajue kwa simu kitu ambacho nina mdomo wa kusema, nitakuwa nimekaa tena kwenye lile benchi na mkoba wangu. Itakaa humu ndani mpaka nimwambie ana kwa ana.

Kama mnaisoma, basi nilisema.